Mguu wa Elia na Mechi Nane za Lusekelo

Jumatatu asubuhi siku hizi nakunywa chai mpaka inaisha. Vijana wa ofisi ya michezo watashangaa kwamba hilo nalo ni jambo la kuandika, lakini kwa miaka mingi Jumatatu ilikuwa siku yangu mbaya kuliko zote. Mechi zinachezwa Jumapili baada ya ibada, na kesho yake kabla sijavaa viatu simu imeshaanza: fulani kavunjwa pua Nanyala, fulani kamkanyaga mwenzake tumbo Mlowo, mfungieni huyu, mfungulieni yule. Sasa simu hizo anapigiwa Daudi, kijana aliyekuja kukaa kwenye kiti changu. Ndiye aliyeniomba niandike haya.

"Madamu," aliniambia siku ya kukabidhiana ofisi, "sheria nitazisoma mwenyewe. Nisimulie zile kesi zilizokunyima raha."

Basi Daudi, wewe na wenzako, nasimulia.

Nilifika Mbozi nikiwa mwalimu wa michezo niliyegeuzwa afisa michezo bila kuulizwa sana. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kabati lenye mipira miwili isiyo na upepo, pampu isiyo na sindano, na rundo la jezi za kijani ambazo panya walikuwa wameshaanza kugawana. Karani aliyenipokea aliniuliza mume wangu anafika lini kuanza kazi. Nikamwambia mume wangu ni fundi seremala na hajui hata kuotea ni nini. Akanitazama kidogo, akanipa ufunguo.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Mzee Yohana. Alikuwa mkulima wa kahawa, refa aliyeacha uwanja kwa sababu ya goti, na mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya ligi yetu ya timu za kata. Ligi hiyo ilikusanya timu za Mbozi, za Tunduma na za milimani kule Ileje, na ilichezwa watu wakishavuna, maana kabla ya hapo huwezi kupata wachezaji kumi na mmoja wasio na jembe mkononi. Kwa sababu ya cheo changu niliingia kwenye kamati yake kama katibu. Nilidhani kazi ni kufungua kitabu cha kanuni, kutafuta kifungu na kusoma idadi ya mechi. Mzee Yohana alikisukuma kitabu pembeni, akaweka mezani kiatu kimoja cha mpira, kizee, meno ya soli yamelika upande.

"Kila anayekuja hapa," alisema, "mlalamikaji na mlalamikiwa, mpe hiki akuonyeshe. Mdomo unazunguka. Mkono ukishika kiatu unashindwa kuzunguka."

Na kweli. Nimeona watu wazima wameingia wakiapa kwamba hawakumgusa mtu, ukiwapa kiatu kile wanakionyesha kiko usawa wa paja la mwenzao, halafu wanatahayari wenyewe. Alikuwa na utaratibu mwingine niliouchukia mwanzoni. Hakuwahi kutoa adhabu wiki ileile ya tukio. Timu zilimtukana, viongozi walimwita mzembe, yeye akaenda kupalilia kahawa yake. Alisema hasira za watu ni kama uji, ukizinywa za moto unaungua ulimi, na mwenye ulimi ulioungua haonji tena chochote.

Kesi iliyonifungua macho ilikuwa ya wachezaji wawili wa Nanyala. Katika mechi moja, mmoja alimrukia mpinzani kwa kiwiko. Mpinzani akainuka, akatema mate, akaendelea kucheza. Mechi iliyofuata mwenzake akafanya vilevile, lakini aliyepigwa alipoteza meno ya mbele. Wa kwanza tulimpa mechi mbili, wa pili tulikuwa tunaelekea kumfungia msimu mzima. Mama wa huyo wa pili alikuja ofisini na kanga begani, akakaa bila kukaribishwa.

"Madamu, nielimishe," alisema. "Mwanangu kosa lake ni kiwiko, au kosa lake ni kwamba yule mwenzake meno yalikuwa malegevu?"

Nilicheka, naye hakucheka. Nikalipeleka swali kwa Mzee Yohana, naye akaenda nalo shambani siku kadhaa. Mwishowe alisema wote wawili walistahili mechi nne, na kwamba yule wa kwanza aliponyoka mechi mbili kwa bahati ya mpinzani wake. Ndivyo tulivyofanya kwa wa pili. Wa kwanza alikuwa ameshamaliza zake, tukamwacha. Hakuna aliyeridhika, na Mzee Yohana alisema hiyo nayo ni dalili nzuri, ingawa baadaye nimejifunza kwamba mara nyingine ni dalili tu kwamba umeharibu.

Goti lilipomzidi Mzee Yohana, aliniachia uenyekiti pamoja na kile kiatu. Na sasa nafika kwenye kesi ambayo Daudi anaijua kwa kusikia tu.

Ilikuwa nusu fainali, uwanja wa Mlowo, timu ya Tunduma na timu ya Ileje. Tunduma walikuwa na winga anaitwa Elia, kijana mwembamba aliyekuwa akipakia na kupakua mizigo mpakani siku za kazi, na siku za mechi akawafanya mabeki waonekane kama wamefungwa kamba. Ileje walikuwa na beki wa kushoto, Lusekelo, mkulima wa viazi kutoka Ibaba, mpole hata kwenye salamu. Kipindi cha pili Elia aliusukuma mpira mbele pembeni mwa uwanja akataka kugeuka. Lusekelo akajirusha kwa kuteleza. Nilikuwa nimekaa upande uleule. Nilisikia mlio, na kabla sijaelewa ni mlio wa nini, nilimwona mwamuzi ametupa filimbi chini ameshika kichwa.

Mguu wa Elia ulivunjika chini ya goti. Watu wakaingia uwanjani. Lusekelo hakukimbia, alipiga magoti pale pale akawa anasema "samahani, samahani" mpaka polisi walipomwondoa na kumficha kwenye darasa la shule ya jirani. Ndiyo ilikuwa pona yake. Mechi iliishia hapo.

Jioni ileile video ilikuwa imeshafika Tunduma, Vwawa na ng'ambo Zambia. Ilikuwa fupi sana: kiatu kinakuja, meno mbele, mguu unakunjika pasipostahili kukunjika. Sijui mtu anayeweza kuitazama mara mbili.

Jumatatu simu ya kwanza ilitoka kwa Bwana Simwinga, mfadhili wa timu ya Tunduma, mwenye malori yaendayo Zambia.

"Madamu, habari za asubuhi. Sina maneno mengi. Yule afungiwe maisha."

"Bwana Simwinga, pole sana. Kamati itakaa."

"Ikae kwa ajili ya nini? Video umeiona? Asipofungiwa maisha, timu yangu natoa, na hiyo ligi yenu mtacheza na nani? Mtacheza na mbuzi?"

Simu ya pili ilitoka kwa mkubwa mmoja wa ofisini kwetu. Alizungumza kwa upole zaidi, lakini hoja ilikuwa ileile. Mfungieni maisha, alisema, mambo yatulie, mbona ni mkulima tu wa huko juu, mpira haumlishi. Nilimjibu kwamba Lusekelo amesimamishwa kucheza mpaka kesi isikilizwe, na kwamba itasikilizwa. Akasema, "Sawa, lakini lawama ni zako." Nilikata simu. Nilikuwa na watoto shuleni na cheo ambacho mtu yeyote juu yangu angeweza kukihamishia mahali nisipopapenda.

Kabla ya kikao nilikwenda kumwona Elia hospitali. Mguu umefungwa hogo, ile plasta ngumu, mpaka juu ya paja. Mama yake, mfanyabiashara wa mchele soko la Tunduma, alikuwa pembeni anammenyea chungwa.

"Shikamoo madamu," alisema Elia.

"Marahaba mwanangu. Pole. Unaweza kunieleza?"

"Alinifuata mguu. Mpira ulishapita."

"Ulishapita mbali?"

Akatazama ukuta. "Kidogo. Niliusukuma, nikataka nigeuke ndani. Mguu ukagoma kutoka."

"Ukagoma vipi?"

"Ukashikwa chini, madamu. Kama umeingia kwenye kitu. Ndipo akaja."

Mama yake aliacha kumenya chungwa. Sikuuliza zaidi. Kutoka hospitali nilipitia uwanjani Mlowo pamoja na mjumbe mwenzangu, Mwalimu Ambakisye, ambaye kabla ya siku hiyo alikuwa amenitangazia wazi kwamba yeye anataka adhabu kubwa kuliko zote. Tulitembea pembeni mwa uwanja, mahali palepale, tukiwa tumeinama kama watu waliopoteza pete. Nyasi zilikuwa ndefu. Ambakisye ndiye aliyezama. Mguu wake uliingia mpaka kwenye kifundo, akakaa chini kwa kishindo na suruali yake ya kazini.

Lilikuwa shimo la fuko. Wenyeji wa Mbozi tunamjua fuko, yule mnyama anayechimba chini kwa chini akimaliza viazi na mihogo yetu. Alikuwa amechimba kutoka shamba la jirani akapita chini ya uwanja, na ardhi ikabaki ngozi tupu juu ya mtaro. Tulipokanyagakanyaga tukakuta pengine tena, na pengine. Kamati ya mashindano, ambayo ni nyingine na si yetu, ilikuwa imeukagua uwanja na kuupitisha. Pengine waliukagua wakiwa kwenye gari.

Ambakisye alijipangusa matako. "Hili halimtoi Lusekelo hatiani," alisema.

"Halimtoi," nikamjibu. "Lakini haliwezi kukaa nje ya kikao."

Lusekelo alikuja kwenye kikao na mjomba wake, amevaa shati la kanisani. Alikuwa amekonda. Nilimwekea kile kiatu mezani nikamwambia aonyeshe. Nilitegemea mkono wake ungesita. Alikishika, akakielekeza mbele, meno yote yakitazama kule ambako mguu wa Elia ungekuwa, akakishikilia hapo. Mjomba wake akainamisha kichwa.

"Uliuona mpira?" nilimuuliza.

"Niliuona. Nilipojirusha ukawa haupo tena. Nilishindwa kujirudisha."

"Ulikuwa na ugomvi na Elia?"

"Hapana, madamu. Kipindi cha kwanza alinipita mara nyingi. Niliona aibu. Nilisema hii ya sasa lazima niipate."

Hakuna aliyemlazimisha kusema hilo la aibu. Angeweza kulimeza.

Walipotoka nje, sisi wajumbe tulibaki. Ambakisye alisema msimu mzima na nusu. Nikamuuliza, Elia angeinuka na kuendelea kucheza, tungempa Lusekelo ngapi kwa kiatu kile tulichokiona?

"Tano, sita."

"Basi hizo nyingine zote anazitumikia kwa kosa lake au kwa kosa la fuko?"

"Madamu, mtu akiendesha gari kwa fujo akaua, huangalii kilichotokea? Unaangalia usukani tu?"

Lilikuwa swali zuri, na mpaka leo sijalimaliza. Tulibishana mpaka chai ikapoa na ikaletwa nyingine. Nilichosimamia ni hiki: tukimpa adhabu ya mfupa, basi wenye viatu vya hatari ambao bahati inawalinda wataendelea kuamini kwamba hawajafanya kitu, na kamati ya mashindano itaendelea kupitisha mashimo. Ambakisye alisimamia kwamba anayejirusha na meno mbele ameshakubali lolote litakalotokea. Mwishowe tulisogeleana. Tulisema kitendo chenyewe, Elia angeinuka au asingeinuka, kilikuwa cha hatari kuliko tulivyozoea kukihesabu, na kuanzia sasa yeyote atakayejirusha hivyo atapata mechi nane. Lusekelo atakuwa wa kwanza. Na uwanja wa Mlowo ufungwe mpaka mashimo yafukiwe na tuuone sisi wenyewe kwa miguu yetu.

Tulisoma uamuzi kwenye ukumbi wa kata. Ulijaa mpaka madirishani. Niliposema "mechi nane" kelele ziliinuka, na Bwana Simwinga alisimama mbele yangu kabisa.

"Nane! Mtu kavunjwa mguu, nane! Na lawama mnampa panya wa shambani! Huyu mama kanunuliwa na watu wa milimani!"

Vijana wa Tunduma wakaanza kupiga viti. Askari mmoja alikuwepo mlangoni, na nilimwona anapima umbali kati yake na mimi. Ndipo mama yake Elia aliposimama katikati ya ukumbi. Alikuwa na sauti ya soko.

"Mwebantu!" alisema, kama wanavyosema Wabemba wakitaka watu wasikilize. "Jamani, mimi ndiye mwenye mguu. Wewe Simwinga, hospitali umekuja mara ngapi?"

Simwinga akasema malori yalikuwa safarini.

"Sawa. Basi nisikilize mimi niliyekaa pale. Yule kijana afungiwe, ndiyo, alimuumiza mwanangu. Lakini maisha yake mnayataka ya nini? Mkiyachukua mtampa Elia? Mwanangu mwenyewe kaniambia mguu ulishikwa. Mimi nataka mashimo yazibwe, maana nina mwingine mdogo naye anacheza."

Akakaa. Mtu mmoja nyuma alicheka kwa hilo la mwisho, kisha wengine, si kicheko cha furaha, ni kile cha watu walioshusha pumzi. Viti vikaacha kupigwa. Simwinga alitoka na watu wake, na kweli aliitoa timu. Tulimaliza ligi kilema mwaka ule, na yule mkubwa aliyenipigia hakunisalimia kwa muda mrefu. Sikuhamishwa. Sijui aliyenisemea, na sikuuliza.

Daudi, utaona nimekaa sana kwenye kesi hii. Sababu ni kwamba watu wanadhani uamuzi ukishasomwa kazi imekwisha. Lusekelo alimaliza mechi zake nane msimu uliofuata, Tunduma wakiwa wamesharudi kwenye ligi, maana Simwinga alichoka kukaa bila timu kabla sisi hatujachoka kumkosa. Lakini Lusekelo hakurudi uwanjani. Nikapanda Ibaba kumwona. Kule juu mvua haisubiri majira, njia ilikuwa tope tupu, pikipiki ilinishusha mahali nikapanda kilima kwa miguu. Nilimkuta anachimba viazi na mkewe.

"Ndaga, mama, karibu," alisema, akinishukuru kwa lugha ya kwao, akafuta mikono. Tulikaa kwenye kibaraza wakanipa viazi vya kuchemsha.

"Adhabu yako imekwisha," nilimwambia. "Mbona huchezi?"

"Nauogopa mguu wangu, madamu. Nikiona mtu anakuja na mpira, nauona unatangulia wenyewe."

"Nani kakwambia hufai tena?"

"Hakuna. Ni mimi."

Mkewe alidakia kutoka jikoni, "Mwambie acheze, mama. Jumapili anakaa hapa ananichungulia nikipika, mpaka nakosea chumvi."

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia tu kwamba sisi tulimfungia mechi nane, na kama anataka kujiongezea nyingine, hizo si za kamati, ni zake mwenyewe. Nikala kiazi kingine, nikashuka.

Alirudi msimu huo huo, karibu na mwisho, kama mchezaji wa akiba. Na ratiba, ambayo huwa haimwonei mtu huruma, ikatupa Ileje na Tunduma, safari hii uwanja wa Tunduma. Elia alikuwa amerudi pia. Hakuwa na kasi ileile, yeyote aliyemjua aliona, lakini alikuwa amejifunza kusimama na mpira na kufikiri, jambo ambalo zamani hakuwa na haja nalo. Beki wa Ileje aliumia msuli, na kocha akamwita Lusekelo. Alipoingia uwanja mzima ulimzomea. Niliona mama yake Elia upande wa pili na mwavuli wake, hazomei, hapigi makofi, anatazama tu.

Kwa muda Lusekelo alikaa mbali na kila mtu. Mpira ukija anaupiga nje haraka kama unawaka. Kisha Elia akaupokea pembeni, akamgeukia, na pale hapakuwa na mtu mwingine wa kumkaba. Elia akaupitisha kulia. Lusekelo akasubiri. Akasubiri tena, mpaka nikadhani ameganda. Halafu akanyoosha mguu wa kushoto, akiwa amesimama, akaugusa mpira ukatoka nje. Elia akajikwaa juu ya mguu ule akaanguka chali.

Zomeazomea yote ilikatika. Lusekelo alisimama mikono hewani, uso umempauka. Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi, na Ambakisye kanishika mkono kama mtoto.

Elia alilala pale akitazama mbingu. Kisha akaketi. Kisha akaruka juu, akapangusa kaptula, akamkimbilia mshika kibendera mkono umenyooka, akipayuka kwamba Lusekelo ndiye aliyeugusa mwisho, ni mpira wa Tunduma, wa kurusha, refa kipofu nini?

Haukuwa wa Tunduma. Kila mtu aliona kwamba ulimgonga Elia mwenyewe njiani. Mshika kibendera akaelekeza upande wa Ileje, Elia akabisha, Lusekelo naye akaanza kubisha, wakawa wanabishana uso kwa uso juu ya mpira wa kurusha kama vijana wowote wa kata yoyote, na uwanja mzima ukaanza kumtukana mshika kibendera.

Nilikaa chini nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Ambakisye aliniuliza nacheka nini, nikamwonyesha kwa kidole wale wawili, bado wanabishana.